Barua za askari wa Burma: mkaguzi alikuwa mlinzi au mpelelezi?

Kila ikiguswa habari ya babu zetu waliopelekwa Burma, ndo Myanmar ya leo, na keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, haupiti muda atatokea mtu aseme mkoloni alikuwa anafungua barua zao, anazisoma, anazikata anapotaka, kwahiyo hata hizo chache tulizonazo leo haziaminiki. Na haupiti muda tena atatokea wa upande wa pili, mara nyingi mtu aliyewahi kuvaa gwanda, ajibu kwamba vita ni vita bwana, hakuna jeshi duniani linaloacha kila mtu aandike nyumbani anachotaka. Nimefuatilia huu ubishi muda mrefu na naona wote wawili wanabishana juu ya mkaguzi mmoja wakati alikuwa na kazi mbili, moja ina utetezi mzuri tu, ya pili haina, na watu wanazichanganya kama vile ni kitu kimoja.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilichukua zaidi ya watu 300,000 kutoka Afrika Mashariki ya Waingereza, Kenya peke yake karibu 98,000, Tanganyika kama 87,000, Uganda kama 77,000, na wengine kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Sio wote walishika bunduki, wapo waliokuwa madereva, wapishi, wachimba mahandaki, wabeba mizigo, lakini wote walikuwa mbali na kwao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943 ikapelekwa Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo, halafu 1944 ikaingizwa Burma katikati ya masika, ikashuka Bonde la Kabaw kwenye matope na malaria ikiwafukuza Wajapani mpaka ikaikamata Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Likizo ya kurudi nyumbani kwa mtu wa kawaida ilikuwa karibu haipo. Unaondoka Kilindini mke ana mimba, unarudi mtoto anachunga mbuzi. Katikati hapo kitu pekee kilichokuunganisha na nyumbani ni karatasi, na karatasi hiyo juu yake haina jina la mji wala nchi, ina namba yako, kikosi chako na namba ya posta ya jeshi basi. Mama yako Singida au Kitui hajui Burma iko upande gani na wewe huruhusiwi kumwambia.

Sasa utetezi wa mkaguzi, na niuweke kwa nguvu zake zote kwasababu wengi wetu huwa tunauruka.

Bahari ya Hindi ilikuwa ni uwanja wa vita kweli kweli. Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipiga Colombo, na baada ya hapo meli za kivita za Waingereza zikahamishiwa Kilindini. Na hapo hapo Mombasa, kwenye jengo la shule ya Allidina Visram, Waingereza waliweka ofisi ya kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Yaani waliokuwa wanakagua barua za askari wetu walijua fika nini kinaweza kupatikana ukisoma maneno ya adui, maana wao wenyewe walikuwa wanafanya hivyo hivyo kila siku, tena umbali mfupi tu kutoka gatini walikopandia askari. Kipande cha habari hapa, tarehe pale, jina la meli kule, mtu mwenye akili anaunganisha.

Halafu kuna Khedive Ismail. Hii ni meli iliyoondoka Mombasa Februari 1944 kwenye msafara wa meli tano za askari kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpedo, ikazama chini ya dakika mbili. Ndani walikuwemo zaidi ya watu 1,500, sehemu kubwa watu wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu elfu moja, pamoja na manesi na wanawake wengine wa jeshi, na kati ya wote hao wakafa karibu 1,300. Sisemi kuna barua iliyowazamisha, hakuna ushahidi wa hivyo na sitaki kumsingizia marehemu yeyote. Nachosema ni kwamba njia ya Mombasa kwenda Colombo ilikuwa na watu wanaoisubiri meli chini ya maji, kwahiyo mkaguzi aliyefuta kwenye barua maneno "tunapanda meli wiki ijayo" hakuwa anafanya uonevu. Ningekuwa na mtoto ndani ya meli ile ningetaka maneno hayo yafutwe, tena kwenye barua za watu wote.

Na hata kunyamazia msiba wenyewe, jambo ambalo watu wengi wanalitaja kwa hasira, lina upande wake. Nyambizi ile ilizamishwa siku ile ile na manowari za kusindikiza msafara, kwahiyo hakuna aliyerudi Japani kusimulia imefanya nini. Ukitangaza redioni kwamba meli imezama unampa adui taarifa aliyokuwa hana. Hiyo ndo hesabu ya jeshi. Hesabu ya nyumbani ni nyingine kabisa: barua zinakoma, mke anamaliza miezi anaulizia bomani hana jibu, shemeji zake wanaanza kuulizana nani atamrithi, na yeye hajui kama avae ya msiba au aendelee kusubiri. Hizi hesabu mbili hazina mahali zinapokutana, na simwoni wa kulaumiwa kirahisi hapo.

Basi kama mkaguzi angeishia kwenye meli, tarehe na majina ya mahali, mimi ningefunga mjadala.

Ila hakuishia hapo. Mfumo wa jeshi la Uingereza ulikuwa hivi, afisa wa kikosi ndo anapitia kwanza barua za watu wake, halafu zinaweza kufunguliwa tena huko mbele na ofisi ya ukaguzi. Na huko mbele hawakuwa wanafuta tu, walikuwa wananakili. Walichukua vipande vya barua, wakavitafsiri, wakavipanga kuwa ripoti za morali zinazokwenda kwa wakubwa wa jeshi na serikali za makoloni: askari wanasemaje juu ya chakula, mishahara, maafisa wao, wake zao, ardhi, kuchelewa kurudishwa nyumbani. Hebu niambie Mjapani atafanya nini na malalamiko ya mtu wa Nyeri kwamba ndugu yake amesogeza mpaka wa shamba. Hapo msomaji anayetafutwa sio adui wa nje tena, anayechunguzwa ni mwandishi mwenyewe, wanataka kujua anawaza nini na akirudi atataka nini.

Na tukumbuke afisa ni nani. Wengine walitoka Uingereza moja kwa moja, hawakijui Kiswahili zaidi ya amri za gwaride. Lakini baadhi walikuwa masetla wa Kenya, watu wenye mashamba yao huko nyumbani, wanakijua Kiswahili cha kumtuma mpishi na nyapara. Fikiria sasa wewe ni Mkikuyu, mzazi wako ni skwota kwenye shamba la mzungu, unataka kumuuliza habari za ng'ombe wake wanaopunguzwa, na barua unaikabidhi wazi bila kufunga bahasha kwa mzungu mwenye shamba. Utaandika nini? Utaandika mimi mzima, nasalimia wote.

Hapa ndo watetezi wa mkaguzi wanakuja na hoja yao nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, na sijasikia wengi wakiijibu vizuri. Wanasema: siri gani hiyo mnayoililia? Askari wengi hawakujua kusoma wala kuandika wakati wanaingia jeshini, ndo maana jeshi likaanzisha madarasa ya kuwafundisha. Kwahiyo barua ya kawaida ilianza kwa askari kumtafuta mwenzake anayejua kalamu, anamtajia maneno, yule anaandika, mara nyingi na wengine wamekaa wanasikiliza na kuchangia. Ikifika huku inapitia bomani au misheni au dukani kwa Mhindi, halafu mke nae anatafuta wa kumsomea, mwalimu, mtoto wa shule, karani wa chifu. Mpaka neno la mume linamfikia mke limeshapita midomo minne mitano. Mkaguzi akiongezeka kwenye mstari huo kaharibu nini?

Hoja ina uzito, kwasababu inatuzuia kuingiza mawazo yetu ya leo ya simu yenye pasiwedi kwenye maisha ya watu waliozoea barua kusomwa kwa sauti barazani. Barua ilikuwa mali ya ukoo. Kusomwa na wengi haikuwa aibu.

Lakini inasahau kitu kimoja kikubwa, mwandishi na msomaji walikuwa wanachaguliwa. Askari anajua nani kwenye platuni ana mdomo mrefu, hampelekei habari ya mke wake. Mke nae anajua akimpelekea karani wa chifu barua inayomlalamikia chifu hatosomewa kama ilivyo, kwahiyo anasubiri mpaka mtoto wa dada yake arudi kutoka shule. Ndo faragha yao ilivyokuwa, faragha ya kuchagua masikio. Mkaguzi hawakumchagua, hawakumjua sura, na hawakuweza kumkwepa. Tena yeye ana uwezo ambao yule mwenzako wa platuni hana, anaweza kukupeleka kwa kamanda au kumwandikia bwana shauri wa wilaya yako.

Kwahiyo watu wakajifunza kuandika kwa namna ya kupita. Na hapa Kiswahili chenyewe kiliwapa msaada, maana barua ya Kiswahili ina mwanzo wake ambao kila aliyepita bodingi anaujua kwa moyo, ama baada ya salamu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mtu anaweza kujaza ukurasa mzima na salamu, msalimie baba, msalimie shangazi, msalimie fulani na watoto wake, akafunga bahasha bila kusema kitu hata kimoja cha kumtia matatani. Wasomi wengine wakizikuta barua za hivi wanaziita tupu. Sikubaliani nao. Ukiangalia nani kasalimiwa na nani karukwa unajua ugomvi uko wapi. Shemeji akirukwa, nyumbani wote wanaelewa.

Wahindi walifika mbali zaidi. Kwenye Vita vya Kwanza, askari wa Kihindi waliopelekwa Ufaransa 1914 na 1915 walikaguliwa vivyo hivyo, na kuna mfano wao mmoja unaojulikana sana ambapo walikuwa wakiandika nyumbani habari za pilipili, kwamba pilipili nyeusi imeshatumika sana na sasa imebaki nyekundu, wakimaanisha askari weusi, yaani wao Wahindi, wamekwisha kufa na sasa wanaingizwa wazungu. Mkaguzi aliing'amua. Aliielewa kabisa, akaiandika kwenye ripoti, na ndo maana mimi na wewe leo tunaijua.

Hapo ndo ubishi unapogeuka kichwa chini. Barua zenyewe za wale Wahindi karibu zote zimepotea, zimeliwa na mchwa, zimelowa mvua, zimewashiwa moto jikoni. Kilichobaki ni nakala za mkaguzi, zimetunzwa London kwenye mafaili yake. Kwetu hali ni hiyo hiyo. Ripoti za barua za askari wa Afrika Mashariki zipo, nyingine Nyaraka za Taifa pale Nairobi na nyingine Uingereza, na watafiti wa KAR wamezitegemea sana. Yule aliyewapeleleza babu zetu ndo aliyewahifadhi. Linganisha na wale waliopita bila mkaguzi wa namna hiyo, wapagazi wa Vita vya Kwanza, kariakoo yenyewe, yaani Carrier Corps, mamia ya maelfu ya watu waliobeba mizigo ya Waingereza kuwafukuza Wajerumani kuanzia Taveta mpaka Msumbiji. Wamekufa zaidi ya 95,000 kwa hesabu za Waingereza wenyewe, na maneno yao kwa wake zao karibu hayapo kabisa. Tumebaki na jina la soko Dar es Salaam na mtaa Nairobi.

Ila nisije nikaeleweka kwamba namshukuru mkaguzi. Hakuhifadhi barua, alihifadhi alichoona kina faida kwake. Akisoma barua mia moja, tisini na tano ni salamu na habari za mvua na mtoto kaota meno, hizo anazipitisha. Tano ni za malalamiko, hizo ndo zinaingia kwenye ripoti. Leo mtafiti anafungua faili anakuta malalamiko matupu, anaandika kwamba askari wa Kiafrika alikuwa na hasira tangu asubuhi mpaka jioni. Na kinyume chake pia kipo, mtu mwingine anakuta kipande kinachomsifu King George na maafisa, anasema ona, walikuwa watiifu. Huyo ameshasahau kwamba mwandishi alijua nani anasoma. Sifa kwa mfalme kwenye barua iliyokabidhiwa wazi kwa afande ni kama stempu tu, inafanya barua ifike.

Sasa kuna swali linaloulizwa mara chache, je huu upelelezi uliwasaidia askari japo kidogo? Jibu la haki ni kwamba wakati mwingine ndiyo. Sehemu ya mshahara wa askari ilikuwa inakatwa ipelekwe kwa familia kupitia ofisi ya bwana shauri, na hela hizo zilichelewa, zilipotelea njiani, zililipwa kwa mtu asiye sahihi. Askari alipoandika nyumbani "mbona hamniambii kama hela mmepata", na wenzake wengi wakaandika hivyo hivyo, jeshi lilikuwa na sababu ya kuisumbua serikali ya wilaya, kwasababu askari mwenye mawazo ya nyumbani hapigani vizuri. Vivyo hivyo njaa. Miaka ya 1942 na 1943 mvua zilikata, Kenya ikaingia kwenye njaa mbaya ambayo Wakikuyu waliiita kwa jina la mihogo, maana ndo unga uliokuwepo, na habari kama hiyo ikimfika mtu Ceylon inamuumiza kuliko risasi. Jeshi lilitaka kujua. Na huko nyumbani kulikuwa na zaidi ya njaa, wakati vijana wako vitani serikali za Kenya na Tanganyika zilikuwa zinawachukua wanaume wengine kwa nguvu kwenda mashamba ya wazungu na mikonge. Baba yako anakatishwa mkonge kwa amri ya serikali ile ile unayoipigania.

Lakini ukitazama lile kubwa, lile la baada ya vita, utaona walisoma wakajua wakaweka kabatini. Kwenye ripoti zao askari wanaulizia ardhi, wanaulizia kazi, wanaulizia kama watakaporudi watakuwa watu au watarudi kuwa boi. Vita imeisha 1945, wengi wamekaa miezi huko huko wakisubiri meli, na walipofika nyumbani Kenya ilikuwa na mpango wa kugawa mashamba kwa maaskari waliorudi, kwa wazungu. Mwafrika alipewa hela kidogo na medali baadaye. Huwezi kusema serikali haikujua kitakachowauma, ilikuwa na maneno yao wenyewe.

Hapa wenzangu wengi wanapenda kuchora mstari mnyoofu, barua za Burma, halafu hasira, halafu Mau Mau. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa Burma kweli na mwenyewe ameeleza namna mazungumzo ya huko yalivyomfungua macho. Kwa upande wetu Abdulwahid na Ally Sykes walipita Burma na baadae wakawa kwenye mwanzo wa TANU 1954. Hao wanatajwa kila siku na wanastahili. Lakini kati ya watu zaidi ya 300,000, walio wengi walirudi wakalipa kodi, wakanunua baiskeli au cherehani, wakaoa mke wa pili, na siasa waliisikia redioni kama watu wengine. Mkaguzi alikuwa anatafuta wachochezi ndani ya bahasha na sisi baada ya uhuru tunawatafuta mashujaa humo humo, wote tunazipita zile barua tisini na tano za mvua na meno ya mtoto.

Watu wataniuliza mambo ya leo, basi kwa ufupi tu. Simu imemfuta mkaguzi ila tatizo alilowekwa kulizuia liko pale pale. Tarehe 1 Januari 2023 wanajeshi wa Urusi waliuawa kwa wingi na makombora ya Ukraine pale Makiivka, Urusi yenyewe ilikiri 89, na ikasema sababu kubwa ni askari kutumia simu zao mpaka adui akanasa lokesheni. Kuna waliosema huo ni ujanja wa makamanda kuwatupia lawama marehemu, na inawezekana kabisa. Januari 2016 pale El Adde, Somalia, kambi ya wanajeshi wa Kenya ilipovamiwa na al-Shabaab, familia zilikuwa zinaona mambo kwenye WhatsApp na Facebook kabla ya simu yoyote kutoka jeshini, serikali ikaonya watu wasisambaze picha, na idadi ya waliokufa mpaka kesho ni ubishi. Ukiweka hiyo pembeni ya Khedive Ismail unaona ile sababu ya mwaka 1944, tusimpe adui taarifa, imekuja kutumika mahali ambapo adui ndo aliyekuwa na video. Huko ukimya ulikuwa unawaficha wananchi peke yao.

Kwahiyo kama ni kuchora mstari, mimi nauchora hapa: meli, tarehe, mahali, idadi, futa, sina neno. Mawazo ya mtu juu ya shamba lake, chifu wake na mke wake hayakuwa ya kusomwa na serikali, na kusema kwamba msomaji ni yule yule na kalamu ni ile ile hakubadilishi kitu, kufuta ni kazi moja na kunakili ni kazi nyingine, angeweza kufanya ya kwanza akaacha ya pili.

Nimemtaja mke makusudi, kwasababu kwenye zile ripoti kitu kinachojirudia sana ni malalamiko ya askari juu ya wake zao. Nasikia ana mtu. Nasikia kapata mtoto na mimi nina miaka miwili huku. Nasikia hela yangu anakula mwingine. Angalia hilo "nasikia", habari zimeletwa na barua ya kaka, ya mjomba, ya jirani mwenye lake jambo. Mkaguzi anazikusanya, jeshi linaona morali inashuka, linawabana wa bomani, mabwana shauri na machifu wanaingia kwenye mambo ya ndoa za watu, mwanamke anaitwa barazani kujibu kwa mambo yaliyoandikwa bahari nzima kutoka hapo. Mtu atasema hapo askari amesaidiwa. Sawa, kasaidiwa, dhidi ya nani?

Na barua za wanawake wenyewe ziko wapi? Walimwandikia mume, kwa mkono wa mtoto wa shule, wakasema hela haijafika tangu Pasaka, baba yako kaniambia nirudi kwetu, mtoto alikufa kwa surua. Nayasema haya kwa kukisia tu, kutokana na tunayoyajua yaliyokuwa yanatokea. Barua ya kwenda ilikuwa inaishia mfukoni mwa askari, na mfuko wa askari kwenye masika ya Burma haubaki na karatasi hata mwezi mmoja. Ya kurudi ilinakiliwa. Ndo maana leo tuna upande wa mume peke yake, tena ule mkali zaidi maana ndo uliochaguliwa kuingia kwenye ripoti, halafu mtu anasimama na kipande hicho anaandika kwamba wanawake wa wakati wa vita walikuwa hawana uvumilivu. Hiyo ni kesi iliyosikilizwa mlalamikaji tu na hukumu imetoka.

Anayetaka kuusikia upande wa pili asiuanzie kwenye mafaili ya jeshi, aende kwenye kumbukumbu za mahakama za wenyeji na za ofisi za wilaya za miaka ile. Huko mwanamke anaitwa kwa jina lake, anaulizwa, na karani analazimika kuandika alichojibu.